Karibu Kiti

Injini ilikuwa imezimwa, na bado mashine ilionyesha kuwa kuna kitu kinagonga.

Method aliikodolea skrini macho. Mstari wa kijani ulikuwa umelala chini kabisa, kama inavyotakiwa, maana injini isiyozunguka haina cha kupiga kelele. Kisha ukaruka mara tatu, ko, ko, ko, ukalala tena. Akachungulia mbele, kwenye mwanya wa boneti lililokuwa wazi. Hapakuwa na mtu. Gereji yake pale Thamesmead, London, ilikuwa na mlango mmoja tu, wa chuma, wa kukunja, naye alikuwa ameushusha hadi usawa wa goti kwa sababu upepo wa Novemba wa mahali pale hauna adabu. Ndani alikuwemo yeye, gari la kijivu na birika la chai, basi.

"Ni waya," alijiambia. Waya huo alikuwa ameufunga mwenyewe nusu saa iliyopita, na alikuwa ameisifu kazi yake kwa sauti.

Gari lilikuwa la mwanamke wa Tanga aitwaye Nasim. Alikuwa amempigia simu Jumanne, na aliposikia Kiswahili upande wa pili akashusha pumzi kama mtu aliyetua ndoo. Gari lilikuwa la marehemu baba yake, dereva wa teksi, aliyefariki mwezi wa tano. Alitaka kuliuza. Haliuziki, kwa sababu taa ya injini inawaka na gari halina nguvu, kilima kidogo tu linahema. Gereji tatu zilikuwa zimebadilisha sensa ileile, na kila mara taa ilirudi jioni ya siku hiyohiyo.

"Linagonga, fundi," alisema. "Halafu linakufa nguvu."

"Linagonga likiwa linatembea, au limesimama?"

"Yote mawili," akasema, kisha akauliza bei.

Sensa yenyewe ni kidude kisichozidi kifuniko cha soda. Hufungwa ubavuni mwa injini, na kazi yake ni moja tu, kusikiliza. Mafuta yakilipuka vibaya ndani ya silinda injini hugonga, sensa husikia, hupeleka habari kwenye kompyuta, na kompyuta huchelewesha cheche ili injini isijivunje. Gari linalosikia kugonga kusikokuwepo hujizuia bure, nguvu zikapotea. Dawa yake ni kufunga sensa mpya, kuchomeka mashine ya kupimia, kuiambia kompyuta isahau yote iliyojifunza, kisha kuifundisha upya. Mafundi husema hivyohivyo, kuifundisha. Mahendra, Mhindi wa Kisumu aliyempokea Method kazini kule Southall, alikuwa na amri moja juu ya jambo hilo: ukishaanza, usinyanyuke kwenye kiti mpaka mashine ikuruhusu, maana kompyuta inayokatizwa katikati hubaki nusu inajua na nusu haijui.

Ndiyo maana Method alikuwa amekaa kwenye kiti cha dereva, mashine pajani, waya wake umeingia chini ya usukani, mkanda kaufunga ili kengele yake inyamaze. Mashine ilikuwa imemuuliza kama ana hakika anataka kufuta yote yaliyojifunzwa, naye alikuwa amebonyeza ndiyo. Ilikuwa saa tisa na dakika kumi alasiri. Saa kumi Nasim angekuja kulichukua gari lake. Saa kumi na robo angefika Gladness, binti pekee wa Method, mwenye miaka kumi na mmoja, akitoka shule. Gladness alizaliwa huku, na ukimsemesha Kiswahili atakujibu Kiingereza mpaka uchoke wewe, lakini kuna neno moja alilolipenda. Kila siku hugonga ule mlango wa chuma mara tatu, husema "Hodi", na haingii mpaka baba yake aseme "Karibu", hata mvua inyeshe. Ulikuwa mchezo wao tangu akiwa na miaka minne. Method, tusifiche, aliishi kwa ajili ya dakika hiyo.

Mstari ukaruka tena. Ko, ko, ko.

Sasa, Method ni mtu wa kusema na magari. Mkewe Anastasia humtania kwamba huyasalimia magari kwa heshima kuliko anavyowasalimia shemeji zake. Na mtu aliyelelewa na mama wa Bukoba, mama ambaye hakuwahi kumwacha mgeni asimame uani, akisikia kugongewa namna ile ulimi haungoji ruhusa ya kichwa.

"Karibu," alisema, bila kuinua macho. Kisha, kwa kuwa alikuwa peke yake na alijiona mchekeshaji, akamalizia kama inavyomaliziwa nyumbani mgeni akishavuka kizingiti. "Pita ndani. Karibu kiti."

Kufuli za milango yote minne zikabana kwa pamoja.

Mwanzoni hakushtuka. Magari ya siku hizi yana mambo yake. Akabonyeza kitufe cha kufungulia, kikabonyea na hakuna kilichotokea. Akavuta kitasa, kikaja mkononi kilegevu. Akabonyeza honi, ikawa kimya. Akajaribu kufungua mkanda, na ulimi wa mkanda ukakataa kutoka. Ndipo alipoitazama mashine pajani mwake. Ilikuwa imeandika kwa Kiingereza chake cha amri kwamba mafunzo yameanza, asilimia nne, na kwamba asiondoke kwenye gari.

Injini ilikuwa bado imezimwa. Sensa ile haifundishwi injini ikiwa imezimwa, kila fundi analijua hilo, kwa sababu hakuna cha kuisikilizisha. Asilimia ikawa tano, ikawa sita, na Method akajiuliza ni nini basi kinachojifunza, na kinajifunza nini.

Harufu ilikuja kutoka kiti cha nyuma. Kwanza ilikuwa harufu ya kahawa iliyoungulia mkebeni, nzito, ya kukwaruza koo, na ndani yake, taratibu, ikaja harufu ya marashi ya waridi, yale wanayonyunyiziwa maiti wa Kiislamu kabla ya kufungwa sanda. Aliwahi kuyanusa mara moja tu, kwenye msiba wa jirani. Akatazama kwenye kioo cha ndani. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Kioo kikageuka chenyewe, kwa mota yake ndogo, kikainuka juu kidogo, kikamtafuta mtu mrefu zaidi yake.

Kisha kiti alichokalia kikaanza kusogea.

Kilikwenda nyuma polepole, kikijipima kwa miguu mirefu kuliko ya Method, mpaka nyayo zake zikaachana na pedali, na alipotaka kuzirudisha akagundua kwamba hazirudi. Hazikumuuma wala hazikufa ganzi. Zilikuwa pale, ndani ya buti zake, nzima kabisa, ila zilikuwa zinamsikiliza mtu mwingine, na wakati mashine inaandika asilimia ishirini na sita mguu wa kulia ulijinyoosha wenyewe ukajaribu pedali ya mafuta, kwa upole, namna mzee anavyojaribu viatu vipya dukani, ukairuhusu irudi, ukaijaribu tena.

"Yesu," Method alinong'ona. Akasali Salamu Maria, akaikosea katikati, akaianza upya.

Simu yake ilikuwa juu ya meza ya kazi, hatua nne kutoka pale, na aliiona ikiwaka na kuzimika, ikiwaka na kuzimika. Alipiga kioo cha dirisha kwa ngumi mpaka vifundo vikachubuka, akapiga kelele hadi sauti ikakauka, lakini jirani yake wa ukuta wa pili alikuwa anakata mabomba kwa msumeno wa umeme tangu asubuhi na asingesikia hata tarumbeta ya mwisho, na saa ya dashibodi ilikuwa inatembea huku asilimia zikipanda, arobaini, arobaini na mbili, na kila zilipopanda kulikuwa na kitu kimoja zaidi cha mwili wake kilichoacha kumtambua, kiuno, kisha mgongo, kisha mkono wa kushoto, kisha ule wa kulia ambao ulishuka kutoka kwenye kioo ukiwa umekunja ngumi, ukaikunjua, ukaifuta damu kwenye ovaroli bila yeye kuutuma, na kushika usukani mahali ambapo ngozi ya usukani ilikuwa imelika kwa viganja vya mtu aliyeushika miaka mingi. Vidole vyake vikaingia kwenye mabonde yale sawasawa.

Akalia. Hakuona haya. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na minane, amefungwa mkanda ndani ya gari lisilokwenda, na kitu alichokuwa anakiwaza ni kimoja, kwamba saa kumi na robo Gladness atakuja.

Nasim aliwahi dakika tano. Nje giza lilikuwa limeshaanza kuingia, giza la Novemba la Ulaya lisilongoja hata watoto watoke shule. Alichuchumaa akajipenyeza chini ya mlango wa chuma, mwanamke mwembamba mwenye mtandio wa bluu na beji ya kazi shingoni, mkubwa kwa Method kwa miaka kama sita. Alinusa hewa. Kisha akamwona Method nyuma ya kioo, na mikono ile juu ya usukani, na hakuuliza kuna nini. Hapo ndipo Method alipojua kwamba mwanamke huyu alijua tangu mwanzo.

Nasim akasogea, akainamia kioo.

"Fundi," alisema kwa sauti ya chini. "Ulisema naye?"

"Na nani? Dada, nifungulie. Vunja kioo."

"Hakivunjiki, nishajaribu siku nyingine. Nambie, ulimwambiaje?"

"Sensa iligonga. Nikasema karibu."

"Karibu tu?"

"Nilisema karibu kiti. Nilikuwa natania."

Nasim alifumba macho. Paji la uso likagusa kioo.

"Kwetu sisi," alisema, "mtu anayekaliwa na jini tunamwita kiti. Yeye ndiye kiti chake. Ulipomwambia karibu kiti, hukumwonyesha gari. Ulijitoa wewe."

Method alikuwa Mkatoliki wa bara, wa ng'ambo ile ya Ziwa. Kiti kwake kilikuwa cha kukalia. Angejua wapi? Lakini alihisi mgongo wake, mgongo usiokuwa wake tena, ukijiegemeza vizuri, na akaelewa neno hilo kuliko alivyowahi kulielewa neno lolote.

Nasim alimsimulia harakaharaka, macho yakiwa kwenye mashine. Nyumbani hawakuwahi kulitaja jina la jini huyo, walimwita Mgeni tu. Alikuwa wa bibi yake. Bibi alipokufa akawa wa baba yake, miaka thelathini na saba, kule Tanga na huku London, akila naye, akiendesha naye teksi. Mwezi wa tano baba akafia kwenye kiti hikihiki, gari limeegeshwa nje ya nyumba, na Mgeni akabaki bila pa kukaa. Siku moja tu Nasim aliingia ndani ya gari hilo. Likagonga mara tatu. Akashuka mbio, viatu mkononi, na tangu hapo gari likawa linapelekwa gereji kwa kuvutwa tu.

"Ananitaka mimi. Anabisha hodi, anangoja aitikiwe," alisema. "Nikasema nitaliuza kwa Mzungu. Mzungu hana neno la kumkaribisha, fundi. Atagongewa mpaka gari lioze na hatamwitikia."

"Halafu ukaniletea mimi."

"Walishindwa mafundi wote watatu." Alikuwa anaisokota beji yake. "Halafu nikasikia Kiswahili kwenye simu. Nilikuwa na miezi sita sijasema Kiswahili na mtu, tangu azikwe baba. Nilifurahi tu. Sikufikiri."

Method alimchukia. Alimchukia kwa moyo wake wote, na papo hapo alimwonea huruma, na chuki ndiyo iliyokuwa kubwa.

"Mtoe," alisema.

"Aliyekaribishwa hatolewi. Anahamishwa, na ni kabla hajakaa sawasawa. Mwenyeji anamkaribisha mtu mwingine kwa mdomo wake, na yule mtu anakuja kwa miguu yake. Hapo Mgeni anachagua. Lakini akishakaa sawasawa hatazami kiti kingine. Haondoki mpaka hicho kife."

Mashine iliandika asilimia sabini na tatu.

"Basi nakukaribisha wewe," Method alisema. "Wewe ndiye wa kwao. Karibu, dada. Njoo."

Nasim alimtazama, na Method aliona kwamba kweli alitaka kuja. Mguu mmoja ulinyanyuka. Kisha ukarudi nyuma, na wa pili ukaufuata, mpaka mgongo wake ukagota kwenye rafu ya matairi.

"Siwezi," alisema. "Nisamehe. Mimi nimekaa nyumba moja na baba. Nimeona ilivyo. Siwezi, fundi."

Hapo mdomo wa Method ulifunguka.

"Nasim, mwanangu," mdomo ulisema. "Mbona wasimama mbali?"

Sauti ilikuwa yake. Kiswahili hakikuwa chake. Kilikuwa kile cha mwambao, laini, cha mtu asiye na haraka, na Method alikisikia kikipita kwenye meno yake mwenyewe huku yeye akiwa nyuma yake, amebanwa, ananguruma bila sauti.

"Hukuja kuniona tangu matanga," mdomo uliendelea. "Nimekugongea, hukuitika. Huyu kaitika. Kijana mzuri, ana adabu. Kifua chake kibovu kidogo, hakitadumu, lakini nilikuwa nimechoka kusimama."

Nasim aliziba masikio. Asilimia themanini na moja. Themanini na mbili. Msumeno wa jirani ukanyamaza, na katika ukimya ule Method akasikia breki za basi kule barabarani, zile ndefu, kisha milango ikifunguka, kisha viatu vya shule vikija juu ya zege vikiruka vidimbwi, na angevijua viatu hivyo hata kama angekuwa kaburini, maana alivinunua yeye, saizi moja kubwa ili vikae mpaka Pasaka, na mguu wa kushoto ulikuwa unachapa.

Mlango wa chuma uligongwa mara tatu.

"Hodi, Dad!"

Ndani ya mwili wa Method kila kitu kilitulia. Kilikuwa kinasikiliza.

"Nani huyu?" mdomo uliuliza taratibu, na kwa mara ya kwanza Mgeni alikuwa anamsemesha Method mwenyewe. "Binti yako? Kiti kidogo. Kipya." Ulimi ulipita juu ya midomo. "Hicho kitadumu."

"Usiingie, mwanangu!" Nasim alipiga kelele. "Nenda nyumbani!"

Viatu vilisimama. "Who's that? Dad?" Sauti ya Gladness ilikuwa imebadilika, lakini hakukimbia. Alikuwa mtoto wa Method na hakuwa na desturi ya kukimbia. Aliinama, na chini ya mlango zikaonekana soksi zake nyeupe na ncha za nywele zake. "Dad, are you in there? Say it. It's freezing."

Say it. Alikuwa anangoja neno lao. Akilisikia ataingia kwa miguu yake, na Method alihisi mdomo wake ukianza kulijenga neno hilo, ulimi ukipanda nyuma ya kinywa kwenye kile kituo cha sauti ya kwanza, pumzi ikivutwa. Asilimia tisini na moja. Mgeni hakuwa na haraka. Alikuwa amemkalia mwenyeji karibu mwili wote na kilichobaki kilikuwa kidogo mno, mdomo tu, na hata huo ulikuwa nusu kwa nusu, upande wa huyu na upande wa yule.

"Ka," mdomo ulisema.

Method aliuma. Aliuma ulimi wake mpaka damu ikajaa kinywani, na katika maumivu yale upande uliokuwa wake ukawa wake kweli kwa muda mfupi, muda wa maneno matatu, akajua kwamba hatapata mwingine. Angeweza kumfokea Gladness aondoke, lakini Gladness hafokewi akaondoka, angekuja mbio kuona baba ana nini. Angeweza kunyamaza na kuuacha mdomo umalize. Na palikuwa na jambo la tatu, jambo alilokuwa akilisema kila Krismasi kanisani, anapomshikia Anastasia nafasi kwenye benchi na watu wanamsukuma. Alilisema sasa, kwa sauti yake mwenyewe, ya Kihaya, ya kukwaruza, akimwambia yule aliyekuwa ndani yake abaki hapohapo alipokaa.

"Kiti kina mtu."

Mashine ililia mlio mmoja mfupi. Asilimia mia moja. Mafunzo yamekamilika. Taa ya injini kwenye dashibodi ikazimika, mkanda ukajifungua ukarudi mahali pake, kufuli zikaachia, na kitu kikubwa, kizito, chenye subira, kikajikunja ndani ya kifua cha Method na kukaa sawasawa.

Alifungua mlango. Miguu ilimtii alipoitaka, na alijua kwamba inamtii kwa ruhusa. Alisimama, akajishika kwenye paa la gari. Gladness alikuwa ameshachoka kungoja na alikuwa anatambaa chini ya mlango, mkoba wa shule ukikwama, akilalamika kwa Kiingereza kwamba kuna harufu ya ajabu humu ndani na kwamba baba amekiuka masharti ya mchezo.

"You didn't say it," alisema, akijipangusa magoti.

"Leo hapana," Method alimjibu. Sauti ilitoka ya kawaida. Alitema damu kwenye kitambaa cha grisi kabla mtoto hajaiona.

Nasim alikuwa bado ameegemea yale matairi. Sasa alijitoa pale, akapita mbele ya boneti, akasimama mbele ya Method, akainamisha kichwa na kukunja magoti kidogo.

"Shikamoo," alisema.

Method alitaka kumwambia aache utani, yeye ndiye mdogo, yeye ndiye wa kuamkia. Alifungua mdomo amwambie hivyo.

"Marahaba, mwanangu," alisikia akisema. "Sasa umekuja."

Gladness aliangua kicheko. "Dad, she's older than you."

Nasim alikuwa analia, kimya, machozi yakishuka hadi kwenye beji ya kazi, na alipozungumza alimtazama Method machoni, akimtafuta yeye na si yule mwingine.

"Nilikuwa na miaka saba," alisema. "Bibi alikuwa anakata roho, na baba alikuwa naye chumbani, mlango umefungwa. Nikabisha hodi. Nilitaka baba anibebe. Nikamsikia akisema maneno hayo uliyosema wewe, kiti kina mtu. Nilidhani ananifukuza. Nikamkasirikia mpaka nilipokuwa mtu mzima."

Method alisimama na kitambaa cha grisi mkononi. Alihesabu, bila kutaka. Bibi, kisha baba, kisha hodi tatu kwenye gari la kijivu zikimtafuta binti wa baba. Miaka yake mwenyewe, thelathini na minane. Kifua kibovu kidogo. Aliona hesabu inakoelekea, na kwamba hakuwa amemwokoa Gladness. Alikuwa amemnunulia muda, na muda huo ulikuwa na urefu wa maisha yake yeye, hauzidi hata siku moja.

"Can we go home?" Gladness aliuliza. "I'm starving."

"Twende," alisema Method.

Mtoto akanyoosha mkono kama kila siku, mkono mdogo, wa baridi, wenye wino wa kalamu kwenye kidole gumba. Method akaupokea. Na ndani yake, chini ya ngozi ya kiganja chake mwenyewe, alimhisi mwingine akiupokea pia, akiupima, akiugeuza bila haraka yoyote. Akailegeza mishipa. Akaushika kwa juujuu tu, njia nzima mpaka nyumbani, ili yule mwingine asiuzoee.